MBEGU YA BOGA NI AMANA

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa Chama, Kibiti. Yanapigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Najua ya kuwa wengi walitazamia kusikia habari za mishahara, uhamisho na nyumba za kukaa, wala mimi sizidharau habari hizo, maana ndizo zilizotukusanya katika Chama hiki. Lakini leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya jambo lililo nyuma ya nyumba zetu, yaani bustani, na hasa juu ya boga na mumunye na mbegu zake za asili. Msicheke upesi. Mwisho wa maneno yangu nitawaomba jambo moja, nalo ni kazi ya ukarani hasa.

Kwanza yatupasa kupambanua vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mumunye ni ndugu yake kibuyu; kwa kweli ni mmea mmoja, ila aina moja yaliwa ingali changa, na nyingine yaachwa ikauke hata iwe chombo cha kutekea maji na kuchukulia tembo. Asili yake ni hapa hapa Afrika. Boga ni mgeni. Asili yake ni Amerika, na katika pango la Guilá Naquitz, huko Mexico, wachimbaji wa mambo ya kale waliona mbegu za maboga yaliyolimwa na watu yapata miaka 10,000 iliyopita. Baada ya Columbus kufika pande zile mwaka 1492, mbegu hizo zilivuka bahari, na katika karne zilizofuata zikaenea Afrika. Hata hivyo mgeni akikaa vizazi vingi, akala chakula chetu na kuzoea mvua yetu, huwa mwenyeji. Basi nisemapo mbegu ya asili, maana yangu ni ile iliyopokewa mkono kwa mkono, ikachaguliwa kila mwaka na wenye nyumba, mpaka ikaafikiana na udongo wao, jua lao na sufuria yao.

Tena maboga yenyewe si kabila moja. Ukitaka kuyajua, usitazame rangi wala ukubwa, tazama kikonyo. Likiwa na kikonyo kigumu chenye pembe tano, kilichopanuka kama wayo mahali kinaposhika boga, hilo ni lile ambalo wataalamu huliita Cucurbita moschata. Hilo hupenda joto na unyevu, ndiyo sababu lafaa sana pwani yetu. Likiwa na kikonyo kinene cha mviringo, chepesi kama kizibo cha chupa, hilo ni Cucurbita maxima, nalo hupendelea nchi za baridi kidogo. La tatu, Cucurbita pepo, lina kikonyo kigumu chenye mifuo, kisichopanuka. Hizi kabila tatu haziingiliani kwa urahisi. Lakini aina mbili za kabila moja zikipandwa karibu karibu huchanganyika mara, na hapo ndipo penye hatari nitakayoieleza.

Sasa nije kwetu. Wenyeji wa bonde la Rufiji wana msimu ambao watu wa nchi nyingine hawaujui. Wengine hulima vuli na masika. Mrufiji hulima pia mlau. Mto ukijaa wakati wa masika hufunika nchi ya bondeni, na ukishuka huacha tope jipya lenye rutuba. Hapo mkulima hupanda mahindi, kunde na maboga, nayo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini, bila kungojea mvua nyingine. Boga hutambaa chini ya mahindi, majani yake mapana yakifunika udongo usikauke upesi. Mwaka 1938 Bwana H. Marsland alieleza kilimo hiki cha mlau katika jarida la Tanganyika Notes and Records, nasi tulio wenyeji hatuna budi kuona haya kidogo kwamba mgeni aliyaandika mambo ambayo sisi tuliyaona kila mwaka bila kuyaandika.

Boga halikuwa kitu kidogo katika nyumba za bondeni. Majani yake machanga, yaani msusa, ni mboga. Mbegu zake hukaangwa. Nyama yake, ikipikwa kwa tui la nazi na iliki, ni futari ambayo hapana mtu wa pwani asiyeijua. Zaidi ya yote, boga lililokomaa vema hukaa miezi ndani ya nyumba bila kuoza. Mahindi yakiliwa na nguruwe, na mpunga ukichukuliwa na maji, boga lililo darini lilikuwa chakula cha watoto mpaka mavuno mengine.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na boga lake. Lilikuwa bapa, lenye mbavu, kijani kibichi likiwa changa, na likikomaa hugeuka rangi ya udongo na kuvikwa unga kama vumbi la jivu. Ndani lilikuwa jekundu kama embe lililoiva, kavu, tamu, lisilotoa maji mengi sufuriani. Mbegu zake alizichanganya na jivu, akazitia katika kibuyu, na kibuyu akakitundika juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, watu wengi walihamishwa kutoka bondeni kwenda kukaa katika vijiji vya Ujamaa vya juu, na kazi hiyo ikaendelea hata mwaka 1969. Bibi alihama kama wengine. Baba alisimulia kwamba alichukua mkeka, chungu na kile kibuyu; vitu vingine alisema vitafuata.

Mabwana na mabibi, mimi nilisoma, nikapata kazi, nikapewa nyumba yenye kiwanja. Mwaka 2019 nilimwomba shangazi mbegu za bibi, akanipa kiganja kimoja. Nikazipanda kwa furaha. Lakini kwa tamaa nikapanda na mbegu nyingine mbili nilizozitoa katika maboga ya sokoni, zote katika kiwanja kile kile. Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri, na boga la bibi lilitoka kama lilivyo. Nikatoa mbegu zake, nikajisifu moyoni kwamba nimekuwa mlinzi wa urithi wetu. Mwaka wa pili nilizipanda mbegu hizo, na lilipokomaa boga la kwanza nikalichukua kwa shangazi. Akalipasua, akalipika, akaonja. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, hili umelipata wapi?”

Nikajibu, “Ni la mbegu za bibi, shangazi.”

Akatikisa kichwa, akasema, “La mama yangu nalijua. Hili ni maji matupu.”

Nilirudi nyumbani nimefedheheka. Ndipo nilipotafuta kujua nilikosa wapi, na jibu nililipata katika methali ambayo sisi sote tuliijua tangu utoto: Ukipenda boga, penda na ua lake. Mimi nililipenda boga, ua sikulitazama.

Boga lina maua ya namna mbili juu ya mmea mmoja. Ua la kiume husimama juu ya kijiti chembamba. Ua la kike lina kiboga kidogo nyuma yake tangu halijafunguka. Yote ni ya manjano, hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri yamekwisha kunywea. Katika saa hizo chache nyuki huchukua unga wa ua la kiume na kuupeleka kwa ua la kike. Naye nyuki hajui boga la bibi wala boga la sokoni. Tunda la mwaka ule halionyeshi kitu, maana umbo na utamu wake hufuata mama. Mchanganyiko umefichwa katika mbegu, nao huonekana mwaka wa pili. Ndiyo sababu nilidanganyika.

Dawa yake si ngumu. Kama una aina moja tu ya kabila lile, na jirani zako hawana nyingine, waache nyuki wafanye kazi yao. Kama sivyo, fanya hivi. Jioni, tafuta maua ambayo ncha zake zimeanza kugeuka manjano, lakini hazijafunguka. Hayo yatafunguka kesho. Funga kwa uzi ncha za ua la kike moja na za maua mawili matatu ya kiume, na afadhali ya kiume yawe ya mmea mwingine wa aina ile ile. Asubuhi mapema, chuma la kiume, bandua majani yake, fungua la kike taratibu, pakaza ule unga ndani yake, kisha ulifunge tena la kike ili nyuki asiingie. Funga kitambaa au uzi wa rangi katika kikonyo chake, upate kulijua siku ya mavuno. Usitegemee mmea mmoja. Ukiweza, chukua mbegu katika mimea mitano sita au zaidi, maana ukoo wa mtu mmoja hudhoofika.

Kwa mumunye mambo ni mamoja, ila ua lake ni jeupe, nalo hufunguka jioni, wakati wa wadudu wa usiku. Basi kazi ya mumunye ni ya magharibi, na ya boga ni ya alfajiri. Hapa nawapa onyo, nalo ni la afya. Mumunye na vibuyu vya vyombo huingiliana, kwa kuwa ni mmea mmoja, na vibuyu vingi vina uchungu ndani yake. Mbegu ya mumunye uliopandwa karibu na vibuyu yaweza kuzaa mumunye chungu. Uchungu huo ni sumu. Kupika hakuuondoi, na watu wameugua sana kwa kula. Mpishi na aonje kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, akiteme na kulitupa lote, asione hasara ya shilingi chache.

Wazee husema juu ya mtu aliyepotoka akiwa mzima kwamba amekuwa mumunye, aharibikia ukubwani. Maneno hayo ni ya mpishi, na kwa mpishi ni kweli, maana mumunye mkubwa haulainiki. Kwa mtunza mbegu ni kinyume. Mumunye wa mbegu sharti uachwe uzeeke juu ya mmea hata gamba liwe gumu kama mti. Boga kadhalika, liachwe hata kikonyo kikauke, na baada ya kulikata liwekwe ndani majuma matatu au zaidi, ili mbegu zizidi kushiba. Kisha zitolewe, zioshwe, zianikwe kivulini mpaka zikijaribiwa kukunjwa zivunjike, zisipinde. Hapo zitiwe katika chupa kavu yenye kizibo. Zikikaa kavu zitadumu miaka minne na zaidi.

Nilipojua hayo nikamwendea shangazi tena mwaka 2023 kuomba mbegu za pili. Alicheka, akasema, “Ngoja masika ipite, mwanangu, nitakupa ukapande vizuri.” Masika hiyo ilikuwa ni ile ya 2024. Ninyi nyote mwaijua. Mwezi wa Aprili mto ulifunika mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti, na watu wengi wakakimbilia nchi ya juu wakiwa na nguo walizovaa. Shangazi aliokolewa. Nyumba yake ilianguka, na meko, na kibuyu kilichokuwa juu ya meko.

Naomba sasa mnisikilize kwa uvumilivu, maana nitasema kosa langu mwenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa walioandika hasara za watu. Karatasi niliyopewa ilikuwa na safu ya nyumba, safu ya ekari, safu ya mifugo. Mama mmoja mzee alikaa mbele yangu, akahesabu vitu vyake kimoja kimoja, na mwisho akasema, “Na mbegu zangu, baba.” Nikamjibu kwa adabu, “Mama, hapa hapana mahali pa kuandika mbegu.” Akanyamaza, akaondoka. Nilikwisha waandika watu wanane baada yake ndipo nikakumbuka kibuyu cha bibi. Nikainuka kumtafuta, nisimwone. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nafasi nyeupe ilikuwapo chini ya karatasi. Hapana aliyenikataza kuandika.

Nyumba hujengwa tena, na ekari hubaki pale pale maji yakishuka. Mbegu iliyochaguliwa na akina mama kwa miaka mia, ikipotea katika nyumba yake ya mwisho, haina duka la kuinunua.

Mbegu za bibi hazikupotea, lakini hazikuokolewa na elimu yangu. Miaka mingi nyuma, binti mmoja wa jirani aliolewa huko Bungu, na shangazi, kwa desturi ya wanawake, alimfungia mbegu katika pindo la kanga. Tulikwenda kwake. Alikuwa akilipanda boga lile kila mwaka, peke yake, mbali na mengine, kwa sababu tu alilipenda. Alitupa mbegu 23. Zilizoota ni 17. Mwaka huo nilifunga maua kwa uzi kila jioni, na boga la kwanza nililichukua kwa shangazi. Alionja, hakusema neno, akaenda kuchukua sahani ya pili.

Wenye elimu kubwa nao wamefundishwa jambo hili hili kwa taabu. Mji wa Leningrad ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu 1941 hata 1944, watumishi wa hazina ya mbegu iliyokusanywa na Nikolai Vavilov walikaa wakizilinda, na baadhi yao wakafa kwa njaa katikati ya magunia ya nafaka, wasizile. Hao walikuwa watumishi wa serikali, kama sisi. Na vita vilipozuka Siria, hazina ya mbegu iliyokuwa karibu na Aleppo haikuweza tena kutumika. Lakini nakala zake zilikuwa zimewekwa katika ghala la Svalbard, kaskazini mwa Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2015 wenyewe wakazichukua wakaanza upya. Sisi pia tunayo hazina ya taifa ya mbegu, iko Arusha. Ni jambo jema. Walakini Arusha iko mbali na meko ya mama wa Mbwera, na hazina haiwezi kutunza kitu ambacho hapana mtu aliyekipeleka wala kukiandika.

Basi, wanachama wenzangu, nimefika kwenye ombi langu. Karani mzuri hufanya mambo matatu: huandika, huweka tarehe, na huweka nakala mahali pengine. Naomba kila mwanachama aliye na kiwanja, hata kama ni kidogo kama chumba, achukue aina moja tu ya boga au mumunye kutoka kwa mzee wa kwao, aipande, aitunze. Tena Chama kiwe na daftari moja. Ndani yake tuandike jina ambalo wenyewe hulitumia, tusilibadili, kijiji ilikotoka, nani aliyetoa, akipenda kutajwa, siku ya kupanda na siku ya kukomaa, umbo, rangi, kikonyo na utamu, na limekaa ndani miezi mingapi bila kuoza.

Kisha kila mmoja agawe mbegu zake kwa watu watatu. Mmoja awe bondeni, mmoja awe nchi ya juu, ambako mto haupandi, na mmoja awe wilaya nyingine kabisa. Ninyi mwajua kwamba barua ya uhamisho haitoi nafasi ya kungoja mavuno. Mtumishi akihamishwa, kabla ya kufunga mizigo yake, na aulize kama amekwisha gawa. Mto nao hauna desturi zile za zamani. Tangu Desemba 2022 maji yalipoanza kujazwa katika Bwawa la Julius Nyerere, kazi ya kukisia mafuriko imekuwa mpya kwa mkulima. Katika mambo mapya yafaa kuwa na mbegu za namna nyingi kuliko namna moja.

Sisemi tusinunue mbegu za pakiti. Ziko nzuri, nami nazipanda. Lakini mbegu nyingi za chotara zina mazao mema mwaka wa kwanza tu, na ukizirudia hazifuati mama yao; kila mwaka hurudi dukani. Mbegu ya asili hurudi kwako mwenyewe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mbegu yatupasa kuongeza neno, maana mbegu isiyopandwa kwa muda mrefu hufa ndani ya chupa, na mwenye chupa hajui. Hii ni akiba ya kutumiwa na kugawiwa. Ukiifungia peke yako, umeanza kuipoteza.

Hapa mezani nimeweka bahasha 12. Katika kila moja mna mbegu sita za boga la bibi yangu, na karatasi yenye habari zake. Daftari liko kwa Katibu, na ukurasa wa kwanza umekwisha andikwa. Atakayechukua bahasha, naomba aandike jina lake na mahali atakapopanda. Na yule mama niliyemjibu kwamba hapana mahali pa kuandika, ikiwa yupo mtu hapa amjuaye, naomba anionyeshe nyumba yake.